Maua Tisa ya Ijumaa

Jumanne, 18 Februari

Nimeamka saa kumi na moja. Uji. Sala, maneno yaleyale. Shambani saa moja na nusu.

Kucha ya kidole gumba cha kulia siikati. Ndicho kisu changu. Alasiri nachagua ua la pamba litakalofunguka kesho yake, nalizungushia kucha, namenya petali pamoja na vishikio vyote vya unga wa kiume. Inabaki fimbo ya kike ya katikati, peke yake. Naivika kifuko cha karatasi. Hiyo tunaita kuvua. Kesho yake, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nafungua kifuko, napaka unga wa ua la mmea mwingine, ule tuliouchagua kuwa baba, nafunika tena. Naandika lebo: mama nani, baba nani, tarehe. Naining'iniza.

Leo nimevua ishirini na nane. Dada Rehema, mtaalamu wa hili shamba la majaribio, amesema mikono yangu ndiyo mizuri kuliko ya wote. Nimesema asante. Sikusikia kitu.

Miezi saba sasa tangu tumzike Minza. Mwanangu wa pekee. Homa ya siku nne. Sihisi kitu, naandika hivyo kwa sababu ni kweli na Mungu anaiona.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua. Mvua ikinyesha hatupaki. Unga ukilowa punje zinapasuka, zinakufa kabla ya kazi.

Dada Rehema akatuita bandani tuchungulie kwenye hadubini. Alikuwa ameloweka fimbo ya ua kwenye rangi. Nikaona nyuzi. Nyingi, nyembamba kuliko nywele ya mtoto mchanga, zote zinashuka upande mmoja.

Akatueleza. Punje ya unga ikidondoka kwenye ncha ya fimbo inakunywa maji, inavimba, halafu inatoa mrija. Mrija unatoboa, unashuka ndani ya fimbo, siku nzima unashuka, hadi kule chini kwenye chumba cha mbegu changa. Ndani ya mrija wamo wawili, wa kiume wote. Ukifika, unaingia kwenye mbegu moja, unapasuka, unawaachia. Mmoja anaungana na yai, anakuwa mche. Wa pili anaungana na sehemu nyingine, anakuwa chakula cha huyo mche.

Jirani yangu Mama Holo, tunasali naye kanisa moja la Wasabato, tunafanya kazi mstari kwa mstari, akasema, "Heh! Kwa hiyo mmoja anazaliwa mtoto, mwenzake anazaliwa uji?"

"Ndiyo hivyo, mama," Dada Rehema akacheka.

"Na mia wakishuka na mbegu ni thelathini?"

"Waliochelewa wamekosa."

"Kama wanaume wa Somanda siku ya mnada!"

Banda zima likacheka. Na mimi nilifungua mdomo, nadhani nilicheka.

Kitu kimoja nilikishika. Kila mbegu inataka mrija wake. Tunda lisilofikiwa na mrija hata mmoja linakauka na kudondoka ndani ya wiki. Ua lina siku yake moja. Likipita, ile ncha inakauka, hata upake unga wa debe zima.

Ijumaa, 21 Februari

Mungu wangu.

Niandike kwa mpangilio. Mstari wa mwisho umeanza kutoa maua. Ni ile mbegu ya zamani, majani yake yana manyoya na wadudu wa kijani hawaiwezi. Iliota miche kumi na mmoja tu. Dada Rehema amenipa mimi mstari huo. Alisema, "Mama, hawa wakikubali kuzaa na baba niliyewachagulia, tumepata pamba ambayo mkulima hatainyunyizia dawa kila wiki. Wasipokubali, nang'oa, nafasi yao naipa mbegu nyingine." Yeye akaondoka saa sita kwenda kwa shangazi yake Maswa, kule Binza. Atarudi Jumatatu.

Mama Holo aliondoka saa saba kwenda kupika chakula cha Sabato. Hakuniambia kitu. Alidhani namfuata.

Mimi nikavua maua. Tisa. Nilikuwa na utulivu. Mikono ilikuwa inaenda yenyewe.

Ijumaa hatuvui. Mimi na Mama Holo tulipatana hivyo na Dada Rehema tangu siku ya kwanza, kwa sababu ua la Ijumaa linataka kupakwa Sabato asubuhi. Nalijua hilo kama jina langu. Lakini tangu msiba siku zangu zote zinafanana. Nilijua leo ni Ijumaa pale nilipofika uani kwangu na kusikia watu wa Mama Holo wanaimba wimbo wa kufungua Sabato. Jua lilikuwa linazama. Mume wangu, Baba Minza, amekaa kwenye kiti chake, ananitazama. Hakuuliza. Haulizi siku hizi.

Nimekaa na simu mkononi. Ningempigia Dada Rehema angerudi alfajiri kupaka mwenyewe. Nikawaza, kumtuma mwenzako akufanyie kazi siku ya Bwana ni kufanya wewe. Nikawaza tena, aibu. Nikaiweka simu chini. Sikuamua. Niliiweka tu.

Sabato, 22 Februari

Kanisani. Nilikuwa nimekaa kiti changu cha mashemasi wa kike. Saa tatu nilijua yamefunguka. Saa nne. Saa tano nikajua basi.

Sikusali. Nilisimama wakisimama.

Jumapili, 23 Februari

Nimekwenda peke yangu asubuhi. Nimefungua vifuko. Ncha za fimbo zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Bado zina unyevu kidogo, au nilitaka kuona hivyo. Nimepaka unga mwingi, ua zima la baba kwa fimbo moja. Nimefunika.

Halafu lebo. Penseli ikaandika 22/2. Lebo zote tisa.

Hakuna aliyenilazimisha. Hakukuwa na mtu. Ningeandika 23 ningetakiwa kueleza, na kueleza kungenifikisha kwa Minza, na sitaki kufika huko mbele ya watu.

Nimedanganya. Naandika neno lenyewe nilione.

Jumatatu, 24 Februari

Dada Rehema amerudi, kaenda moja kwa moja kwenye mstari ule. Akasoma lebo. Akageuka, macho yamelowa.

"Mama, ulikuja hadi Sabato? Kwa ajili ya mstari huu?"

Akanikumbatia. Akaandika kwenye kitabu chake kikubwa: tisa, tarehe ishirini na mbili. Nikamwona anaandika. Bado ningeweza kusema. Mkono wake una haraka, herufi zinalala.

Mchana mvua ikaanza. Hatukuvua.

Jumatano, 26 Februari

Mvua siku ya tatu. Kazi yetu kupalilia na kuokota vifuko vilivyoanguka. Mama Holo akapita kwenye mstari wangu, akashika lebo moja. Akashika ya pili.

"Mama Minza. Ishirini na mbili ilikuwa siku gani?"

Nikaendelea kuokota.

"Si nilikuona kanisani mimi? Au ulikuja hapa baada ya ibada, na gauni lako la ushemasi? Heh, mayu, mama yangu! Siku hizi Mungu wako naye ana shamba la pamba?"

Alisema kwa utani kwanza. Alipoona sijibu utani ukaisha. Akaiachia lebo kama imemuunguza.

Jioni kwenye maombi ya katikati ya wiki wanawake walinisalimia kwa vidole. Kwa hiyo habari tayari zimefika.

Nafikiri hivi. Nikisema kanisani sikuvunja Sabato, nimesema lebo ni za uongo. Nikiacha lebo zisimame, nimevunja Sabato. Kimoja kati ya hivyo viwili lazima nikibebe. Nimekipima moyoni kama mtu anavyopima kilo ya mchele. Vyote vyepesi. Hilo ndilo linaloniogopesha kidogo, kwamba vyote vyepesi.

Alhamisi, 27 Februari

Jua. Matunda machanga mawili ya mstari wa mwisho yamekutwa chini. Ya lebo zangu.

Dada Rehema ameyapasua kwa wembe bandani. Mbegu zote ndani zimesinyaa, kama dengu zilizosahaulika kwenye kona ya kabati. "Hakuna mrija uliofika," akasema. "Hata mmoja." Alinitazama, si kwa kunishuku. Kama mtu anayetafuta mwenzake wa kushangaa naye.

Amenieleza anachohofia. Kuna mimea inayokataana. Unga unadondoka, punje inavimba, mrija unaanza kushuka, halafu fimbo inausimamisha njiani. Haimtaki baba yule. "Kama ulipaka kwa wakati, na ulipaka vizuri kama unavyopaka siku zote, basi wanakataana, mama." Amesema tusivue tena ua hata moja kwenye mstari huo mpaka tujue. Yakidondoka mengi atang'oa Jumanne.

Mimea inavishwa kosa langu. Sikusema.

Ijumaa, 28 Februari

Mengine matatu chini. Jumla matano.

Nimerudi mapema, nimepika, nimeoga. Saa kumi akaja Mzee Elia, mzee wa kanisa. Mtu mpole. Alikaa, akanywa maji, akauliza habari za mbuzi, akauliza habari za mgongo wa Baba Minza. Halafu akasema.

"Mama, msiba tunaujua. Hakuna anayekurushia jiwe. Lakini wewe ni shemasi. Mkate wa Meza ya Bwana unaukanda wewe. Watoto wanakutazama."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa ni kweli?"

Nikatazama mikono yangu. Kucha ile ndefu ina kijani pembeni, haitoki hata kwa sabuni. Akasubiri muda mrefu, kwa upole, na upole wake haukunifanya chochote. Akasema baraza litakaa Jumapili saa nne, wanaweza kunipumzisha ushemasi. Akaomba. Akaondoka.

Baba Minza hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Akasema, "Ulikwenda?"

"Sikwenda. Nilikwenda Jumapili."

"Sasa mbona hukumwambia?"

Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Nimebaki na sufuria. Nimesugua sufuria safi.

Sabato, 1 Machi

Nimekaa kiti cha nyuma. Kiti changu akakaa Mama Holo, akakalia pembeni pembeni kama kina maji.

Leo nilijaribu kusali kwa maneno yangu. Nilifika "Baba" nikaishia hapo.

Jumapili, 2 Machi

Baraza. Watu saba kwenye mabenchi mawili. Mzee Elia akasoma kifungu, akaniuliza mbele yao.

Nikasema. Ijumaa nilivua maua kwa kusahau siku. Sabato sikukanyaga shamba. Jumapili nilipaka, nikaandika lebo tarehe ya Sabato ili mtaalamu wa shamba asijue kosa langu. Lebo ni za uongo. Nilisema yote bila kupumzika, sauti kama ya mtu anayesoma matangazo.

Walivuta pumzi kwa pamoja. Mzee mmoja akapiga goti lake kwa kiganja.

"Aa! Kumbe ni uongo tu! Hukuvunja Sabato!"

Wakafurahi. Nawaandika kama nilivyowaona, walifurahi kweli, kwa upendo. Wakasimama wakanishika mabega, wakaomba, wakasema ushemasi wangu uko palepale. Mama Holo alikuwa amesubiri nje. Akaja akanipa mkono, akalia yeye. "Nisamehe, Mama Minza, mimi mdomo wangu huu."

Kumbe ni uongo tu.

Hakuna aliyeuliza kama Dada Rehema anajua. Kwao kesi imekwisha. Nimetembea hadi nyumbani nikiwa nimesamehewa, na miche kumi na mmoja inangojea kung'olewa keshokutwa kwa kosa ambalo si lake. Nilisimama kwenye geti kwa muda. Kuna kitu nilikihisi. Si huzuni. Nadhani ni hasira, na ni yangu juu yangu. Ni kitu cha kwanza kwa miezi saba.

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika kabla yake. Nimekaa mlangoni kwa banda.

Alipokuja nilisema nikiwa nimesimama. "Dada, yale maua sikuyapaka tarehe ishirini na mbili. Niliyavua Ijumaa nimesahau siku. Nimeyapaka Jumapili, saa tatu asubuhi. Tarehe nimedanganya. Hawakataani. Walicheleweshwa na mimi."

Akafungua kitabu, akatafuta ule ukurasa, akauangalia. Akakifunga. Akatoka nje akasimama karibu na tangi la maji, amenipa mgongo. Mimi nilibaki hapo hapo.

Akarudi. Uso umekauka.

"Mama, nimekaa siku nne naandika barua ya kuwaeleza wakubwa kwamba mbegu hii haifai. Siku nne. Nilikuwa naituma leo."

"Najua nimekukosea."

"Hapana, hujui. Mimi sioni kinachofanyika ndani ya ua. Hakuna anayeona. Naona lebo. Lebo ikisema uongo, sina macho."

Nikaanza kumweleza habari za Minza, kwamba siku zinafanana. Nikaacha katikati. Ilikuwa inageuka kuwa kisingizio, na mtoto wangu si kisingizio. Yeye ndiye aliyemalizia. "Nilijua una msiba. Ungenipigia simu Ijumaa ile ningerudi usiku huohuo, kwa miguu kama ingebidi."

Akachukua kalamu nyekundu. Akakata 22, akaandika 23, akaandika saa, akaandika pembeni maneno mawili ambayo sikuyasoma. Akatia sahihi. Akaniambia nitie na mimi. Nikatia.

Tukaenda wote kwenye mstari. Sita yamedondoka sasa. Matatu bado yameshika. Akayabonyeza kidogo kidogo kwa vidole viwili. Akasema yanaelekea kushika kweli, ila ndani huenda yana mbegu chache, maana mirija michache ndiyo iliyokuta njia haijakauka. Akasema mstari haung'olewi.

Halafu akasema jingine, bila kunitazama. "Kuvua na kupaka uendelee wewe. Mikono yako siwezi kuipata kwingine. Lakini lebo ataandika Mama Holo. Wewe usishike penseli msimu huu."

Nikasema sawa. Nikamkabidhi penseli hapo hapo.

Iliuma. Naandika kwa herufi kubwa: ILIUMA. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia, nikalia kama siku ya makaburini, na sikulia kwa ajili ya penseli.

Jumatano, 5 Machi

Mwili mzito kama nimetoka kwenye malaria. Nimepaka maua kumi na manne ya mstari wa mwisho niliyoyavua jana. Mama Holo anakaa nyuma yangu na lebo. Haandiki mpaka aulize, kwa sauti ya kusikika shamba zima, "Leo tarehe ngapi, Dada Rehemaaa?" Na Dada Rehema anajibu kutoka bandani. Kila lebo. Kumi na nne.

Ya saba nikamwambia, "Mwenzangu, tarehe haijabadilika tangu ya sita."

"Nani anajua," akasema. "Kwenye mstari huu tarehe zinatembea."

Nilistahili. Nikacheka pia. Nilisikia kicheko kikitoka kwangu.

Alhamisi, 6 Machi

Maua tuliyoyapaka jana yamekwishafunga kazi. Fimbo zimelegea. Kwa nje huwezi kujua kitu. Ndani mirija imefika au imeishia njiani. Tutajua wiki ijayo, kwa yatakayobaki juu na yatakayokuwa chini.

Dada Rehema amenisalimia kwanza yeye, "Shikamoo mama." Jana hakunisalimia. Hajanirudishia penseli, na sikuitazamia.

Jioni Baba Minza alikuwa anapukuchua mahindi. Nikakaa tukapukuchua wote. Nikaanza tu kumweleza, sijui kwa nini. Punje inavyovimba. Mrija unavyoshuka, siku nzima, mahali pasipo na mwanga, mpaka chini. Wawili waliomo ndani, mmoja wa kuwa mche na mwingine wa kuwa chakula chake. Nikamwambia alivyosema Mama Holo, kwamba mwenzake anazaliwa uji.

Mikono yake ikasimama.

"Minza angecheka," akasema.

Hajalitaja jina hilo tangu tuliporudi kutoka makaburini. Mimi naitwa kwa jina hilo na dunia nzima mara ishirini kwa siku, na yeye vilevile, lakini mdomoni mwake halikuwa limepita.

Nikasema, "Angecheka mpaka adondoke."

"Angetaka kwenda kuona."

"Ndiyo. Angetaka."

Tukamaliza gunzi hilo. Tukachukua jingine.